Ngazija si Diani: beba maji kwanza

Tangu nirudi Ngazija mwezi wa Agosti, swali ninaloulizwa barazani ni moja: "Shimo la mlima uliliona?" Sikuliona. Nilifika pale msitu unapoanza kwisha, nikaona mgongo mweusi wa Karthala juu yangu, kisha nikageuka nikateremka pamoja na mwana wa dada yangu, kwa kuwa miguu ilikuwa imemkataa. Wenzetu waliendelea. Na kwa sababu kila anayeniuliza huniambia yeye pia anataka kwenda likizo ijayo, nimeona nieleze kilichotupata na sababu yake.

Ngazija si ugeni kwetu. Habib Saleh, aliyeuanzisha Msikiti wa Riyadha kule Lamu, alizaliwa kisiwa hicho, na Mombasa hapa familia za Wangazija zipo miaka na mikaka. Ukishuka Moroni utasikia lugha unayoikamata nusu, adhana ni ile ile, wali wa nazi ni ule ule. Hapo ndipo tunapoponzeka. Mtu hujiona yuko nyumbani, akaenda mlimani kama anayekwenda kutembea Mama Ngina.

Kisiwa chote kimejengwa na volkano. Karthala ina kimo cha mita 2,361 na bado ni hai. Mwaka 1977 ulimwaga lava ikateremka hadi kijiji cha Singani na kukiharibu. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, na jivu la mwezi wa Novemba likaingia kwenye matangi ya maji ya watu. Ukitaka kujua kwa nini jivu ndani ya tangi ni balaa kubwa, lazima ujue jiwe la Ngazija.

Lamu tunakunywa maji yaliyohifadhiwa na mchanga wa vilima vya Shela. Mvua huingia mchangani, ikakaa juu ya maji ya chumvi, ukichimba unayapata. Jiwe la lava halina subira hiyo. Lina vitundu na nyufa tele, kwa hivyo mvua hunyesha kwa wingi, hasa wakati wa kashkazi, na yote huzama chini ikaelekea baharini. Kisiwa kizima hakina mto hata mmoja wa kudumu. Ndiyo maana nyumba nyingi zina birika la kukinga maji ya paa, na mwenyeji akikupa gilasi ya maji kijijini, elewa amekupa kitu cha thamani.

Sasa huyu kijana wetu, ana miaka 19, alibeba chupa moja ya lita na nusu. Kiongozi wetu, mzee wa makamo kutoka vijiji vya juu ya Moroni, alimtazama akauliza: "Madji?" Ndivyo wanavyotamka wao. Kijana akainua chupa yake. Mzee akatikisa kichwa, mimi nikanyamaza, na kunyamaza kule ni kosa langu, kwani nilidhani huko juu msituni hatutakosa kijito. Miti ni mikubwa, kuvu na majani vyote vimelowa umande, macho yanakwambia maji yapo. Hakuna. Tulianza baada ya alfajiri, na kabla ya adhuhuri ile chupa ilikuwa tupu, kichwa kinamuuma, ametapika mara mbili. Mzee alimpa maji yake mwenyewe. Nikamwambia yeye awapeleke wengine, nasi tukashuka polepole na msaidizi wake. Kufika njia kuu ilikuwa karibu magharibi.

Waliofika walilala juu, wakasema baridi ilikuwa kali kuliko walivyodhani na bonde la kasoko ni pana, jeusi, kimya. Moto hawakuukuta. Wengi hudhani volkano ni tanuri linalowaka kila siku. Walimsikia bundi usiku, na huenda ni yule wa Karthala, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Hilo nimelionea wivu.

Siku zilizobaki tulizunguka kwa gari, na haki ya Mungu, kisiwa kina mengi kwa asiyetaka kupanda. Kaskazini kuna ziwa la chumvi lililojaa ndani ya shimo la volkano, bahari iko hatua chache tu. Mashariki kuna Chomoni, mchanga mweupe umepakana na mwamba mweusi. Vaa viatu hata ndani ya maji, lava hukata kama kioo. Pia ufuo wa kijiji ni wa wenyewe, kwa hivyo jistiri. Ikoni sikuingia na kamera: ndipo inaposimuliwa kuwa wanawake walijirusha kutoka jabalini ili wasichukuliwe watumwa na wavamizi wa Kimalagasi.

Hata samaki wao maarufu, gombessa, ni mpangaji wa volkano. Mchana hujificha ndani ya mapango ya lava, kina cha mita mia na zaidi. Wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Na kwa wale wanaodhani ni habari za mbali, mwaka 2001 mmoja alinaswa hapa kwetu Malindi.

Ukiamua kwenda, nenda kati ya Mei na Oktoba, wakati wa kusi. Julai na Agosti kuna arusi kubwa za ada, jamaa wanarudi kutoka Ufaransa, vyumba na magari hupanda bei. Chukua yuro taslimu. Mlimani usiende bila kiongozi, kwani ukungu hushuka mchana na njia hupotea. Maji, kila mtu lita tano kwa safari ya kulala, na mpagazi akibeba mlipe vizuri. Viatu vya kufunga, sweta, koti la mvua.

Kijana amepona, alhamdulillahi. Juzi mamake aliniuliza kama mwakani nitamchukua tena. Nimemwambia kwanza apande ngazi za Fort Jesus na galoni ya lita tano mgongoni, nimwone.