Wimbi Moja Likikosekana

Mwaka 1822 Joseph Fourier alichapisha mjini Paris kitabu chake kuhusu mwendo wa joto. Humo alishikilia kwamba mchoro wowote, hata wenye pembe kali, hujengwa kwa kujumlisha mawimbi ya sini na kosini. Leo mawimbi hayo huandikwa kama fanksheni za kipeo, e^(int), ambapo n, yaani kasi ya wimbi, ni namba kamili na t huenda kutoka −π hadi π. Seti nzima ni timilifu: hakuna ishara yenye nishati ya kikomo isiyoweza kukaribiwa kwa jumla zake, karibu kadiri utakavyo.

Sasa ondoa wimbi moja tu, la n = 5. Utimilifu umekwisha. Yaliyobaki, hata ukiyajumlisha kwa mabilioni, hayalikaribii lile lililotoka, kwa sababu halina chembe ya lolote kati ya hayo. Lakini si lazima urudishe lilelile. Weka badala yake wimbi la kasi λ isiyo namba kamili, 5.3 au hata 1000.5, na seti inatimia tena. Kinachoamua ni sin π(λ − 5): maadamu si sifuri, mgeni amebeba sehemu fulani ya aliyepotea, nasi twaweza kuichuja. Kwangu mimi hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo hili.

Je, tukiyasogeza yote kwa pamoja? Wanahisabati Paley na Wiener, katika kitabu cha 1934 kilichotoka baada ya Paley kufa katika maporomoko ya theluji Kanada akiwa na miaka 26, walithibitisha kwamba kila n ikihama kwa chini ya 1/π², yaani takriban 0.1, ishara bado hujengeka kwa njia moja tu, tena imara. Mwaka 1964 Kadec aliufikisha mpaka huo kwenye 1/4, na hauendi mbele zaidi.

Utimilifu peke yake huvumilia mengi kuliko uimara huo. Fupisha kipande cha t kidogo tu chini ya 2π, na unaweza kutupa mawimbi elfu moja bila hasara. Katika miaka ya 1960 Beurling na Malliavin walionyesha kwamba, kwa orodha yoyote ya kasi halisi, urefu wa mwisho wa kipande ambamo seti hubaki timilifu hutokana na msongamano wa orodha hiyo, waliokuwa wameupima kwa namna yao mpya.