Wewe ni wa Mikono? Jinsi ya Kuisoma Fasihi kwa Kutenda

Katika kila darasa la kidato cha nne kuna mwanafunzi anayesema, "Mimi ni wa mikono, vitabu si vyangu." Riwaya ameisoma mara mbili, lakini akiulizwa dondoo hakumbuki msemaji. Huenda mwanafunzi huyo ni wewe. Kabla hujaikatia tamaa karatasi ya 102/3, soma maelezo haya.

Kwanza, tazama unayoyajua tayari. Ukiwa Sosiot, au popote pale Kericho na Bomet, bila shaka unajua kuchuma majani chai, au unamjua mwenzako anayejua. Hakuna aliyekufundisha kuchuma kwa kukusomea kitabu. Ulisimama kwenye safu ya michai, ukaonyeshwa majani mawili na chipukizi, ukachuma, ukakosolewa, ukachuma tena. Majani magumu yakikataliwa kituoni, ulijua papo hapo ulipokosea. Vivyo hivyo kwa anayejua kuandaa mursik: kuisugua sotet kwa makaa ya senetwet alijifunza kwa kuishika.

Katika mafunzo hayo mna hatua tatu: unatenda, unakosolewa, unarudia bila kuelekezwa. Hatua hizo ndizo zinazokosekana mtu anapolala na kitabu kifuani akikipitia kwa macho tu.

Je, kuna wanafunzi wa mikono pekee?

Walimu wengi huwagawa wanafunzi katika makundi: wa macho, wa masikio na wa mikono. Ni kweli kwamba watu hutofautiana katika wanavyopenda kujifunza. Hata hivyo, mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, waliupitia utafiti uliokuwapo. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mwanafunzi hufaulu zaidi akifunzwa kwa mtindo wa kundi lake pekee.

Maana yake kwako ni nini? Usijifunge kwa jina. Kuwa "wa mikono" hakukuzuii kuelewa riwaya, na anayejiita "wa vitabu" naye atafaidika akiigiza. Kutenda humsaidia kila mtu, mradi tendo lenyewe limlazimishe kukumbuka. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena. Wengine waliandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walitangulia. Baada ya wiki moja, walioandika kutoka kichwani ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani wa KCSE hauji baada ya dakika tano.

Mbinu za kutumia

*1. Igizeni tamthilia.* Bembea ya Maisha ya Timothy Arege iliandikwa ichezwe jukwaani. Chagueni onyesho moja. Mmoja awe Sara, mwingine Yona, wa tatu asome maelezo ya jukwaa. Fanyeni kila kinachoelezwa: anayeketi aketi, anayesimama asimame. Mwili wa mgonjwa hausimami kama wa mzima. Ukijaribu kuutembeza ndipo utakapoelewa maradhi ya Sara yanavyowagusa watu wote nyumbani. Kisha fungeni vitabu, na kila mmoja aandike hoja tano kuhusu mhusika wake.

*2. Tandaza wahusika.* Kata kadi kutoka kwa katoni kuukuu. Kwa riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, andika jina moja kwa kila kadi: Mangwasha, Mrima, Mtemi Lesulia, Lonare na wengineo. Zitandaze mezani au nyasini, uziunganishe kwa uzi. Sharti ni hili: usiweke uzi kabla hujataja tukio linalowaunganisha wahusika hao. Ukikwama, fungua kitabu, thibitisha, kisha endelea. Kesho yake changanya kadi uanze upya.

*3. Pembe nne za dondoo.* Swali la muktadha huwa na alama 4. Zipe pembe za darasa majina: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Mwenzako asome dondoo. Wewe tembea kutoka pembe hadi pembe ukijibu. Pembe inayokunyamazisha ndiyo alama unayoipoteza.

*4. Nenda nyanjani.* Katika fasihi simulizi, kushiriki ni mojawapo ya mbinu za kukusanya data. Omba ruhusa kwa mama au nyanya akusimulie ngano au akufunze wimbo wa kazi. Uimbe naye, uunakili, kisha utambue fani na umuhimu wake. Swali kuhusu utafiti nyanjani likija, utaeleza manufaa na changamoto ulizozipitia mwenyewe.

Tahadhari

Mtihani wenyewe hauna jukwaa wala kadi. Una saa mbili na nusu, maswali manne na kalamu. Kwa hivyo kila tendo liishie katika maandishi. Lenga dakika 35 kwa kila swali la alama 20, ili ubakie na muda wa kusoma maswali na kusahihisha. Tena, usidanganyike na shughuli. Kutumia jioni nzima ukizipaka kadi rangi ni kazi ya mikono, lakini haikufundishi chochote kuhusu Mangwasha. Jiulize: "Je, tendo hili limenilazimisha kukumbuka?"

Uvumilivu ulioutumia hadi vidole vikazoea mchai unautosha ukurasa pia. Usikubali jina ulilopewa, au ulilojipa, likunyime alama unazoweza kuzipata.

Zoezi

1. Chagua onyesho lolote la Bembea ya Maisha mliloigiza. Bila kutazama kitabu, eleza sifa tano za mhusika uliyemwigiza. (alama 10)
2. Fafanua manufaa matano ya kutumia mbinu ya kushiriki katika utafiti wa fasihi simulizi. (alama 10)

Sahihisha majibu yako ukiwa na kitabu mkononi. Baada ya wiki moja, yajibu tena.