Bendi Changa na Hesabu ya Usiku wa Babati

Bendi ya kujitegemea inapoanza ziara yake ya kwanza mikoani, swali linaloamua mambo mengi ni vyombo ni vya nani. Kwa miaka mingi muziki wa dansi wa Tanzania uliegemea jibu moja: ni vya mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa TANU. Mwanamuziki alilipwa mshahara, magitaa na spika yakabaki mali ya taasisi, na safari ikila hasara, hasara ilikuwa ya taasisi. Bendi changa ya leo haina wa kumwegemea. Inakodi mitambo, inakodi gari, na mafuta yote hadi mkoa unaofuata yanategemea kiingilio.

Babati imekaa pazuri kwa hesabu hiyo. Barabara ya kutoka Arusha inafika hapa baada ya kilomita 170 hivi, kisha inagawanyika: mkono mmoja unaelekea Singida, mwingine Kondoa na Dodoma. Lami ya Babati hadi Dodoma, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Tangu hapo ziara inaweza kushuka kutoka Arusha hadi Dodoma ikipiga kila mji wa njiani, bila spika kufika zimejaa vumbi.

Kinachofuata ni makubaliano na mwenye ukumbi. Desturi ya baa nyingi ni kwamba mwenye baa anachukua mauzo ya vinywaji na bendi inachukua kiingilio. Mgawo huo unaonekana wa haki, lakini watu wakija wachache mwenye baa bado ameuza bia, huku bendi ikiwa na deni la gari. Kwa hiyo mlango ni kazi, na anayeusimamia atoke upande wa bendi: mtu mwenye kitabu cha tiketi zenye namba, anayechana kila tiketi na kubaki na kishina, na anayegonga mhuri mkononi mwa kila anayetoka nje ili arudi bila ugomvi. Usiku ukiisha, vishina na fedha vihesabiwe mezani pande zote mbili zikiwepo, kabla waya wa kwanza haujakunjwa. Mtunzi mzuri wa nyimbo asiyejua hili atarudi nyumbani na nauli ya kuazima.

Halafu kuna msimu. Wasikilizaji wa Nakwa na maeneo mengine ya Babati wanaishi kwa mazao, hasa mahindi na mbaazi, na fedha huonekana mkononi baada ya mavuno. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi, iliwekea kikomo uagizaji wake, na bei ikaanguka. Anayepanga ziara ya ukanda huu aulize bei ya mbaazi kabla ya kuchapa mabango. Mkulima ambaye gunia lake halijauzwa hana kiingilio, hata awe anaipenda bendi namna gani.

Jambo zito kuliko yote linakuja saa nane usiku, dansi likishaisha. Wanamuziki, fundi mitambo na dereva wanaweza kufika watu kumi, na gesti ya watu kumi inakula sehemu kubwa ya kiingilio. Hapo ndipo wazo la kuondoka usiku uleule linapoonekana la busara. Si la busara. Muziki wetu umeshalipa gharama ya barabara: Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe akafariki kwa ajali Mombasa, Januari 1979, wote wawili wakiwa bado na nyimbo nyingi mbele yao. Bendi yenye bajeti ndogo haina haki ya kubana matumizi kwa kuchezea maisha ya watu wake.

Chumba cha dereva kilipwe kabla tiketi ya kwanza haijauzwa, tena mbali na kelele za ukumbi, na yeye asihesabiwe miongoni mwa wapakiaji wa spika. Akiwa amelala tangu saa tatu, gari litaondoka saa mbili asubuhi na kufika Dodoma mchana, kukiwa bado na muda wa kufunga mitambo na kupima sauti.