DAWA NI KIPIMO

Watu wengi hudhani ya kuwa dawa iliyomfaa mtu itamfaa na jirani yake, na kwamba ikiwa kidonge kimoja ni kizuri, viwili ni bora zaidi. Dhana hii ni ya hatari. Dawa huponya au hudhuru kwa kufuata mwili unaoipokea, kipimo chake na wakati wake. Twaandika haya kwa ajili ya masheha, walimu na wazazi wa Kengeja na vijiji vya jirani, maana kisiwa chetu cha Pemba chenyewe kimetoa mfano uliofunza ulimwengu mzima.

Kila mtu ajua ya kuwa madini ya chuma huongeza damu. Basi mwaka 2002 wataalamu walianza kuwapa watoto wadogo wa Pemba vidonge vya chuma pamoja na asidi ya foliki, ili kuona kama vitawapunguzia maradhi. Watoto walioingia katika uchunguzi ule, wa miezi 1 hadi 35, walizidi 24,000. Mwezi wa Agosti 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa, kwa sababu watoto waliokipata walionekana kuugua sana na kufa zaidi kuliko wenzao. Hatari yao ilizidi kwa 12 katika mia. Siku zile malaria ilikuwa nyingi kisiwani, na vijidudu vya maradhi navyo hutumia chuma. Lakini katika kikundi kidogo kilichopimwa damu na kutibiwa malaria kwa uangalizi, watoto waliopungukiwa na chuma walipata faida. Dawa ilikuwa ile ile. Miili ndiyo iliyokuwa mbalimbali.

Kwa sababu hii daktari huuliza maswali mengi kabla ya kuandika dawa. Huuliza umri, na mtoto humpima uzito, maana kipimo cha mtu mzima chaweza kumwua mtoto. Humwuliza mwanamke kama ana mimba au ananyonyesha, kwani dawa nyingine humfikia mtoto. Huuliza habari za figo na ini, na kama dawa yo yote imepata kumdhuru mgonjwa. Tena huuliza dawa nyingine anazotumia, hata za mitishamba, kwa kuwa dawa mbili zikikutana huenda zikagombana. Mgonjwa asimfiche neno.

Saa za kumeza nazo zina maana yake. Mfano wa mwili ni mtungi wenye tundu dogo: dawa huingia kwa juu, na ini na figo huitoa kidogo kidogo. Ukichelewa kutia, mtungi hukauka na ugonjwa hupata nguvu. Ukitia kwa pupa, hufurika. Tazameni paracetamol, dawa ya homa iliyomo katika kila duka. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja, na kati ya kumeza na kumeza zipite saa zisizopungua 4. Anayezidisha huweza kuharibu ini lake, na pengine siku ya kwanza asione dhara lo lote.

Hatari nyingine ni kutumia dawa nusu nusu. Vijidudu dhaifu hufa, na vyenye nguvu hubaki vikazaana. Klorokwini ilitibu malaria kwa miaka mingi, hata vijidudu vikawa haviijali. Mwaka 2003 Zanzibar ikaiacha, ikatumia artisuneti pamoja na amodiakwini, dawa mbili kwa pamoja, ili kijidudu kikiponyoka moja kikutane na ya pili. Mtu anayemeza dawa ya malaria siku moja tu, kisha akaweka zilizobaki kwa homa nyingine, anajidhuru mwenyewe na kudhuru mji wake.

Basi twawasihi wasomaji wetu washike mambo haya. Msimpe mtu dawa aliyoandikiwa mwingine. Msikate kidonge cha mkubwa kwa kukisia mkampa mtoto. Msiondoke kituo cha afya kabla ya kuelewa kiasi gani, saa ngapi na siku ngapi. Vidonge vyote viwekwe juu, mbali na watoto. Hasa vya chuma, ambavyo mtoto huvidhania peremende, na vichache tu vyaweza kumwua. Na mwalimu au sheha ajuaye kusoma amsaidie jirani asiyejua, amsomee maandishi ya pakiti neno kwa neno.