Mawe ya barafuni na cheti cha kuzaliwa

Wiki hii, ndugu msikilizaji, nimeletewa swali ambalo sikulitarajia. Kijana mmoja muuza soksi wa Mtaa wa Kongo, hapa Kariakoo, alinisimamisha akaniuliza: "Kaka mtangazaji, ule ni mchezo au ni tangazo la sabuni?" Alikuwa ameona kwenye televisheni mtu akisukuma jiwe juu ya barafu, na wenzake wawili wakikimbia mbele ya lile jiwe huku wakifagia kwa nguvu zote, kama watu walioambiwa kuwa mgeni yuko mlangoni na sebule ni chafu.

Ni mchezo, tena wa siku nyingi. Wenyewe huuita curling. Sisi tunaweza kuuita kalingi, mradi tu usiuchanganye na ile kalikiti ya nywele iliyotamba mjini miaka ya themanini. Ingawa, kusema kweli, maneno hayo mawili ni ndugu. Jiwe la kalingi haliendi moja kwa moja. Mchezaji hulizungusha kidogo kwa mkono wakati wa kuliachia, nalo huenda likijipinda pole pole, kama unywele uliotiwa dawa.

Asili yake ni Uskochi. Lipo jiwe la mchezo huo lililochongwa mwaka 1511, na chama cha kuandika kanuni zake kiliundwa huko mwaka 1838. Ulichezwa katika Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1924 kule Chamonix, Ufaransa, kisha ukakaa nje miaka mingi hadi uliporudi rasmi na medali zake mwaka 1998 kule Nagano, Japani. Wapenzi wa riadha wataikumbuka Nagano hiyo hiyo kwa sababu nyingine. Ndiko Mkenya Philip Boit, mkimbiaji aliyefundishwa kuteleza juu ya theluji, alikomaliza wa mwisho, wa 92, katika kilomita 10, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngojea mstarini amkumbatie.

Sasa tuuelewe mchezo wenyewe. Uwanja ni njia ya barafu yenye urefu wa karibu mita 45 na upana usiozidi mita 5. Jiwe ni la matale, na mengi ya mawe hayo hutokana na Ailsa Craig, kisiwa kidogo kisicho na wakazi pwani ya Uskochi. Uzito wake ni kati ya kilo 17 na 20. Fikiria debe la maji lenye mpini juu. Mwisho wa njia kuna duara kubwa lenye kipenyo cha mita 3 na sentimita 66, nalo huitwa nyumba. Kila timu ina watu wanne, kila mmoja ana mawe mawili, kwa hiyo mawe 16 husukumwa kutoka upande mmoja, kisha hesabu hufanywa. Timu yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu cha nyumba ndiyo inayopata pointi, moja kwa kila jiwe lililolizidi jiwe bora la mpinzani. Nyingine haipati kitu.

Aliyecheza gololi katika vichochoro vya Gerezani amekwishaelewa. Unaweza kuisogeza yako karibu, unaweza kuitandika ya mwenzako itoke, au unaweza kuiweka yako mbele iwe ngao. Na aliyekaa kwenye bao ataelewa zaidi, kwa sababu nahodha wa kalingi husimama upande wa pili akihesabu mawe matano mbele kama mzee anayehesabu kete. Anayesukuma jiwe la mwisho ana faida kubwa kuliko wote.

Na ule ufagio? Juu ya barafu hunyunyizwa matone ya maji ambayo huganda yakawa vipele vidogo vidogo. Jiwe hupita juu ya vipele hivyo. Ukifagia kwa nguvu mbele yake, barafu hupata joto kidogo na msuguano hupungua, kwa hiyo jiwe hufika mbali zaidi na halijipindi sana. Si usafi ule. Ni usukani.

Lakini jambo lililonifanya niuchukue mchezo huu na kuuleta redioni ni jingine. Katika kalingi, mchezaji akiligusa jiwe linalotembea kwa ufagio au kwa kiatu, anatakiwa aseme mwenyewe, hapo hapo, bila kungoja mwamuzi. Katika kitabu chao cha kanuni imeandikwa maana hii: mchezaji wa kweli yuko radhi kushindwa kuliko kushinda kwa hila. Timu ikiona haina tena njia ya kushinda, huwapa wapinzani mkono na mchezo ukaishia hapo. Na ni desturi yao mshindi kumnunulia kinywaji aliyeshindwa. Hebu lifikirie hilo kati ya Msimbazi na Jangwani, siku Simba na Yanga zimetoka uwanjani!

Sisemi kwamba wao ni malaika. Mwaka 2015 walikorofishana vibaya juu ya fagio za kitambaa kipya, ambazo ziliweza kuliongoza jiwe kama baiskeli, hadi shirikisho lao la dunia likalazimika kuweka masharti ya vitambaa. Na katika Olimpiki ya mwaka 2018 mchezaji mmoja wa Urusi alinyang'anywa medali ya shaba kwa dawa zilizokatazwa. Watu ni watu. Tofauti ni kwamba kwao hila ni aibu ya kuzungumzwa mwaka mzima, haiitwi ujanja wa mjini.

Uaminifu huo hauanzii ukubwani. Mashindano ya dunia ya kalingi ya vijana yalianza mwaka 1975 mjini Toronto, Kanada, kwa wavulana, na Sweden ikawa bingwa wa kwanza. Wasichana walianza yao mwaka 1988 huko Chamonix, Kanada ikashinda. Tangu mwaka 1989 wote hukutana mahali pamoja, wiki moja, barafu moja, wavulana wakiwa na kombe lao na wasichana lao. Zikaja kuwa timu kumi upande huu na kumi upande ule, na nchi zisizo na nafasi hupigania ngazi ya chini, ambayo mara nyingi imefanyika mji wa Lohja, Finland. Sharti la umri ni moja: mchezaji awe hajatimiza miaka 21 kufikia Juni 30 ya mwaka unaotangulia mashindano. Pasipoti mezani, basi.

Mtu atauliza, miaka 21 ina nini katika mchezo wa kusukuma jiwe? Ina mengi. Kalingi haihitaji mbio wala kifua kipana, inahitaji jicho na uzoefu, na uzoefu huja na miaka. Niklas Edin wa Sweden alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2004. Dhahabu ya Olimpiki aliipata Beijing mwaka 2022, akiwa na miaka 36. Eve Muirhead wa Uskochi alitwaa ubingwa wa vijana mara nne, mwaka 2007, 2008, 2009 na 2011, na dhahabu yake ikaja Beijing hiyo hiyo. Tazama umbali huo: miaka 18 kwa yule, miaka 15 kwa huyu. Mtu mzima wa miaka 27 angepenyezwa kwenye mashindano ya vijana ya mwaka 2004, pengine Edin asingeonekana kabisa, na huyo mtu mzima naye asingefika popote.

Afrika imeanza kuchungulia. Nigeria ilijiunga na shirikisho la dunia mwaka 2018, ya kwanza barani. Mwaka uliofuata, kule Stavanger, Norway, Tijani Cole na Susana Cole waliifunga Ufaransa katika mashindano ya dunia ya wawili wawili, mume na mke. Na mwaka 2024 vijana wa Nigeria walicheza kalingi katika Olimpiki ya vijana ya Gangwon, Korea Kusini. Jirani zetu wa Nairobi wana barafu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, tangu mwaka 2005, na hapo ndipo ilipozaliwa timu yao ya magongo ya barafuni, Ice Lions. Sisi barafu yetu iko juu ya Kilimanjaro, nayo inapungua, na iliyobaki iko Feri juu ya samaki. Sidai kwamba tujenge uwanja wa kalingi Mnazi Mmoja. Umeme wake tu ungetutoa jasho.

Ninachodai ni kuhusu ile pasipoti mezani.

Mpira wetu wa vijana una neno lake, na kila mtu wa kijiweni analijua: vijeba. Kijeba ni mtu mzima aliyeshushwa umri kwa karatasi ili acheze na watoto. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilikuwa imekwishafuzu kwenda fainali za Afrika nchini Gambia. Ikaondolewa kwa kumchezesha mchezaji aliyezidi umri, na Zimbabwe ikaenda badala yetu. Wale wengine waliokuwa na umri halali walibaki nyumbani kwa kosa la karatasi ya mmoja.

Miaka kumi na moja baadaye kibao kikageuka. Mwaka 2016 Kongo Brazzaville ilitutoa kwa faida ya bao la ugenini, baada ya sisi kushinda 3-2 hapa Dar es Salaam na kufungwa 1-0 kwao. Tukakata rufaa juu ya umri wa mchezaji wao mmoja. Alipoitwa kupimwa hakutokea, nasi mwaka 2017 tukaenda Gabon. Na mwaka 2019, fainali zikiwa hapa hapa jijini, Guinea ilifika fainali ikashindwa na Kameruni kwa penalti. Baadaye ikagundulika kwamba wachezaji wake wawili walikuwa wamecheza mashindano ya Japani wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Guinea ikafutwa, Senegal ikaenda Kombe la Dunia kwa nafasi hiyo.

Kipimo kinachotumika ni cha MRI, yaani kupiga picha kifundo cha mkono. Mfupa wa hapo una sehemu inayoendelea kukua, na ikishafungana kabisa ni nadra sana mwenyewe awe chini ya miaka 17. FIFA ilikianza katika Kombe la Dunia la vijana nchini Nigeria mwaka 2009. Ni kipimo kizuri, lakini ni cha mlango wa mwisho. Hakifiki kwenye mashindano ya kata, na huko ndiko mtoto anakopotelea.

Mimi nimekaa kwenye meza za usajili za mashindano ya mitaani mara nyingi, kalamu na kinasa sauti mkononi. Katika mashindano fulani ya chini ya miaka 17, ambayo sitayataja, kocha alileta fomu kumi na nane. Mwandiko mmoja, wino mmoja, na wachezaji kumi na mmoja kati yao walizaliwa Januari mosi. Msimamizi alizitazama, akacheka, akagonga muhuri. Pembeni alikuwapo mtoto wa miaka 15 ambaye jina lake lilikuwa limekatwa ili mmoja wa wale wa Januari mosi apate nafasi. Alikaa juu ya kiroba cha mipira hadi mchana, kisha akaondoka. Wale waliomshinda siku ile sijasikia hata mmoja wao aliyecheza ligi kuu.

Hilo ndilo linaloumiza. Kijeba haibi kombe tu. Anaiba miaka ambayo mtoto halisi angekuwa anajifunza, ile miaka 15 ya Muirhead. Kombe la mtaani linakaa juu ya kabati la mtu, na taifa linabaki bila mchezaji. Wasichana wetu wa Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, wakiwafunga Wafaransa 2-1 njiani. Kila nafasi ya binti mmoja katika timu kama ile ni mali ya binti wa umri ule, si ya dada yake.

Wapo watakaosema, cheti chenyewe hatuna. Ni kweli kwa sehemu. Utafiti wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba ni kama robo tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa kuzaliwa kwao. Anayetafuta cheti akiwa na miaka 14, kwa kiapo cha mjomba, anaweza kuandikiwa mwaka wowote atakao. Ndiyo maana mpango wa RITA ulioanza Mbeya mwaka 2013 na kusambaa mikoa mingine, wa kutoa vyeti bila malipo kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata, ni habari ya michezo pia, ingawa wahariri wa michezo hatukuiandika.

Na kwa wale waliokwisha kuwa wakubwa, ipo njia isiyohitaji MRI wala fedha. Kila mtoto wa Ilala aliyepita darasa la kwanza jina lake limo katika daftari la uandikishaji la shule, na tarehe aliyoitaja mzazi kabla hajajua kwamba mwanawe atapiga mpira. Msimamizi wa mashindano ya kata aitake nakala yake, yenye muhuri wa mwalimu mkuu, kabla ya kupokea fomu. Shule nyingi ziko mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka uwanjani.