Shafti ya pikipiki huchakaa kimyakimya

WAMILIKI wa pikipiki zinazotumia shafti badala ya mnyororo hujivunia jambo moja kuu. Hawapaki mafuta kwenye mnyororo kila wiki, hawaukazi unapolegea wala hawarudi nyumbani na suruali iliyotapakaa grisi. Wengi wao hulipa bei ya juu wakiamini kuwa wamenunua pia uhuru wa kutoshughulika tena na gurudumu la nyuma.

Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Mnyororo u wazi machoni pa watu: ukilegea huning'inia, ukikauka hupiga kelele, na meno ya sproketi yake yakichakaa huonekana yakichongoka. Shafti, kinyume chake, huzunguka ndani ya mkono wa chuma unaolishika gurudumu. Kasoro yake yaweza kukua kwa maelfu ya kilomita bila mwendeshaji kushuku lolote, kisha siku moja beringi ikasagika na gurudumu likakwama ghafla pikipiki ikiwa katika kasi.

Nchini Kenya, idadi kubwa ya bodaboda hutumia mnyororo, na kwa biashara hiyo mnyororo ndio unaofaa kwa kuwa ni rahisi kununua na kila fundi huujua. Shafti hupatikana zaidi katika makundi mawili. La kwanza ni pikipiki kubwa za safari ndefu, mathalani BMW za aina ya GS, ambazo wasafiri huingia nazo kupitia Moyale wakielekea kusini mwa Afrika. La pili ni pikipiki za magurudumu matatu za kubebea mizigo, nyingi zikiwa zimeundwa China, ambazo husomba maji, mchanga na mboga mijini na vijijini. Katika hizi za pili shafti hupita wazi chini ya sanduku la mizigo na kuishia kwenye difu, sawa na ilivyo katika lori.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Kampuni ya FN ya Ubelgiji iliuza pikipiki ya silinda nne yenye shafti tangu 1905. BMW nayo iliitumia katika pikipiki yake ya kwanza, R 32, mnamo 1923, na haijaiacha hadi leo katika pikipiki zake za injini ya boksa. Honda ilifuata njia hiyo ilipotoa Gold Wing mnamo 1975.

Utendakazi wake ni huu. Nguvu hutoka katika giaboksi na kupitia shafti hadi nyumba ya gia iliyo ubavuni mwa gurudumu la nyuma. Humo, gia ndogo iitwayo pinioni huumana na gia kubwa, kraunwili, na kuugeuza mzunguko kwa pembe ya nyuzi 90. Kwa kuwa gurudumu hupanda na kushuka barabarani, shafti huhitaji kiungo kinachopinda. Kiungo hicho ndicho krosi: kipande cha chuma chenye umbo la msalaba ambacho kila moja ya ncha zake nne huvikwa beringi ndogo za sindano. Vilevile shafti haina budi kurefuka na kufupika kidogo, na kwa sababu hiyo huchongwa meno marefu ubavuni, yaani spilaini, yanayoteleza ndani ya meno ya kipande kingine.

Kwa hivyo, sehemu za kukaguliwa ni chache, lakini kila moja hufa kwa namna yake.

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji hata spana. Pikipiki husimamishwa kwenye stendi ya kati, injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru. Gurudumu la nyuma hushikwa juu na chini kwa mikono miwili na kutikiswa, kisha likashikwa upande wa mbele na wa nyuma na kutikiswa tena. Likicheza katika mielekeo yote, mshukiwa mkuu ni beringi kubwa ya nyumba ya gia. Likicheza upande wa mbele na nyuma pekee, huenda kasoro ikawa katika beringi za maungio ya mkono. Baadhi ya modeli huruhusu ulegevu mdogo sana, na kiasi chake huandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Jambo la kuzingatia zaidi ni mabadiliko: ulegevu ambao haukuwapo mwezi uliopita.

Kisha gia huingizwa na gurudumu kuzungushwa kwa mkono, mbele na nyuma. Nafasi ndogo kabla ya meno kuumana ni ya kawaida, kwani gia zisizo na nafasi yoyote huungua. Nafasi inayopanuka siku baada ya siku, au mgongo mzito wa chuma unaosikika mwendeshaji anapofungua na kufunga mafuta, huashiria kuwa spilaini au krosi imekwisha.

Mafuta ndiyo yanayosimulia mengi. Humwagwa yakiwa na joto, baada ya safari fupi, ili yatoke pamoja na uchafu wake. Bolti ya kumwagia katika pikipiki nyingi huwa na sumaku, na kipande hicho kidogo ndicho shahidi bora zaidi wa hali ya ndani. Uji mwembamba wa kijivu ulioganda juu yake ni chuma kilicholika kwa kawaida. Magamba yanayong'aa, vipande vinavyoshikika kwa kucha au chuma chembamba mithili ya sindano ni habari mbaya, na pikipiki ya namna hiyo haifai kupelekwa safari ya mbali hata ikiwa inakwenda vizuri. Mafuta yaliyogeuka meupe kama maziwa yana maji.

Mafuta yanayowekwa ni ya gia, ya daraja la GL-5, na mara nyingi ya uzito wa 75W-90 au 80W-90 kwa kufuata kitabu cha pikipiki husika. Sababu ni kwamba meno ya kraunwili na pinioni hayagusani tu bali pia hutelezeana chini ya mgandamizo mkubwa, na mafuta hayo huwa na viungo vya salfa na fosforasi vinavyoukinga uso wa chuma. Mafuta ya injini hayana kinga ya kiasi hicho. Ada ya kujaza difu ya pikipiki ya mizigo kwa mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika ni akiba ya leo inayolipwa kwa gia mpya kesho.

Kujaza kupita kiasi nako kuna madhara. Nyumba ya gia ya pikipiki kama R 1200 GS hubeba takriban mililita 180 pekee, chini ya glasi moja ya maji. Mafuta yakizidi, huvimba kwa joto na kujisukuma nje kupitia sili. Tundu dogo la kupumulia likizibwa na matope, matokeo ni yale yale. Fundi asiyejua hili hubadilisha sili mara tatu na kulaumu ubora wa vipuri. Dalili ya uvujaji huo ni utando wa mafuta na vumbi kwenye rimu. Haifai kupuuzwa, maana mafuta yakifika kwenye diski ya breki au kwenye tairi, pikipiki haitasimama pale mwendeshaji alipokusudia.

Yapo pia mafuta ambayo wamiliki waliambiwa hayabadilishwi kamwe. R 1200 GS ilipoingia sokoni mnamo 2004, mafuta ya gia yake ya nyuma yalihesabiwa kuwa ya kudumu maisha yote ya pikipiki. Baadaye BMW yenyewe ilibadili msimamo na kuyaingiza katika ratiba ya huduma. Hata shafti imepewa kikomo: kuanzia 2022 kampuni hiyo ilitaka shafti za R 1200 GS na R 1250 GS zinazopozwa kwa maji zikaguliwe, na ikaweka kilomita 60,000 kuwa umbali wa kuibadilisha. Ikiwa muundaji amelegeza kauli yake, mmiliki hana sababu ya kuishikilia.

Adui aliyeilazimisha hatua hiyo ni maji. Mwanzo na mwisho wa mkono wa shafti hufunikwa kwa buti za mpira. Buti ikipasuka, au ikirudishwa vibaya baada ya matengenezo, maji ya mito na ya mashine za kuoshea huingia na kukosa pa kutokea. Krosi za pikipiki nyingi zimefungwa kiwandani na haziwezi kutiwa grisi. Kutu ikizifikia, sindano zake hukwama, na shafti nzima hubadilishwa. Kwa msafiri anayetoka Loiyangalani kwenda Marsabit kupitia mawe ya volkano na korongo za mchanga, kuzipapasa buti hizo kwa vidole na kuzipindua kutafuta nyufa ni kazi ya dakika tano.

Spilaini hudai subira zaidi, na ndizo zinazosahauliwa kuliko zote. Katika pikipiki nyingi mafuta ya gia hayazifikii kabisa; hutegemea grisi iliyopakwa kwa mkono. Ili kuziona, gurudumu huondolewa na nyumba ya gia huteremshwa au kuvutwa nje. Grisi ya zamani husafishwa yote, kisha meno hutazamwa kwenye mwanga. Meno mazima huwa na kichwa bapa na mbavu zilizonyooka. Yakichongoka kama ya msumeno, au yakiwa na ngazi inayoshikika kwa ukucha, yamekwisha. Unga mwekundu kama wa matofali ni ishara kuwa vyuma vimekuwa vikisuguana vikavu.

Grisi inayofaa hapo ni ile nzito yenye molibdenamu, ambayo Honda, kwa mfano, huitaja katika vitabu vyake vya huduma. Hupakwa kwa brashi, utando mwembamba unaofunika kila jino. Kujaza tundu lote ni kosa, kwani grisi ya ziada huzuia kipande kisiingie hadi mwisho au hurushwa kwenye buti.

Kabla ya kutenganisha shafti yenye vipande viwili, alama hutiwa kwa rangi katika vipande vyote. Krosi mbili zapaswa kurudi zikielekeana kama zilivyokuwa. Zikipishana hata kwa jino moja, shafti huzunguka kwa kasi isiyo sawa na pikipiki hutetemeka kwa namna ambayo hakuna atakayeipatia chanzo.

Kwa pikipiki za mizigo kazi ni rahisi kwa kuwa shafti iko wazi, ila mzigo wake ni mzito zaidi. Magurudumu huzuiwa kwa mawe, na fundi huishika shafti pande zote mbili za krosi na kuzinyonga kinyume. Krosi nzima haichezi. Zile zenye kichuchu cha grisi husukumiwa grisi hadi ile mpya ichomoze katika ncha zote nne. Ncha isiyotoa kitu imeziba na itakufa kwanza. Mlio kama wa panya chombo kinapoanza kuondoka ni krosi inayolia njaa ya grisi. Bolti za flanji hukaguliwa papo hapo, na kamba za mzigo hufungwa zisining'inie chini, kwani shafti ikinasa kamba huivuta na vyote vilivyofungwa nayo.

Kukaza nati na bolti hakuhitaji nguvu za mabega bali spana ya kupima nguvu. Mwaka wa 2015 BMW iliita tena pikipiki zake nyingi kwa kuwa flanji ya alumini inayoshika gurudumu la nyuma iliweza kupata ufa bolti zilipokazwa kupita kiasi, nazo zikawekewa flanji ya chuma.

Kazi ikikamilika, pikipiki huendeshwa kilomita chache, kisha nyumba ya gia huguswa kwa kiganja. Vuguvugu ni kawaida; joto lisilovumilika huonyesha kuwa mafuta ni machache au beringi imebanwa. Usiku huo kitambaa cheupe au gazeti kuukuu hutandazwa chini ya gurudumu na kutazamwa asubuhi. Msafiri wa mbali hubeba kichupa cha mafuta ya gia na washa mpya ya bolti ya kumwagia, maana mnyororo uliokatika huweza kuungwa kwa pini kando ya barabara, lakini shafti iliyovunjika huko Laisamis husubiri lori la kuibeba pikipiki hadi Nairobi.