Mshipa wa Moyo Ulifunguliwa na Baluni, Mbona Unaziba Tena? Story Iko Hivi

Tuseme budako alikuwa anabanwa na kifua kila akipanda ngazi. Familia nzima mkachanga doo, akaingia hosi, daki akampitishia kibaluni kwa mshipa wa moyo, akatoka akiwa fiti kabisa. Miezi minne baadaye, kifua tena. Mtaani washaamua: daki ni feki, ama kuna mtu ushago anawaroga.

Zii. Hiyo kitu ina jina, inaitwa restenosisi, na madaktari wanaijua kitambo.

Msee wa kwanza kufanya hii kazi ya baluni kwa moyo ni Andreas Grüntzig, pale Zürich, Uswisi, tarehe 16 Septemba 1977. Mgonjwa wake alikuwa na miaka 38, na miaka 10 baadaye walipompiga picha, mshipa ulikuwa bado wazi. Huyo alikuwa na bahati. Enzi za baluni pekee, watu kama 3 hadi 5 kati ya kila 10 walikuwa wanaziba tena, wengi wao ndani ya miezi sita.

Shida ni kwamba baluni haitoi yale mafuta yameganda. Inayasukuma kando, inayapasua na kutanua ukuta wa mshipa. Sasa mshipa ni kama lastiki ya suruali: ukiuvuta unajirudisha, wakati mwingine dakika chache tu baada ya baluni kutolewa. Lakini hiyo ndio ndogo. Kubwa ni kwamba mwili unaona hapo pameumia, so unaanza kutengeneza kovu. Unajua ukianguka na boda, goti linapona na kuacha kovu nene? Fikiria hiyo ikifanyika ndani ya bomba lenye upana wa milimita tatu hivi. Seli za ukuta zinazaana, mshipa wenyewe unajikunja, na njia inakuwa nyembamba tena. Yaani ni kupona ndiko kunaziba. Noma sana.

1986, Jacques Puel wa Toulouse, Ufaransa, akaweka stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachobaki ndani kushikilia ukuta. Lastiki ikatulia, lakini kovu likaendelea kumea kupitia matundu ya wavu. Ndio stenti zikapakwa dawa ya kuzuia seli kuzaana. Ya kwanza kushika ilikuwa sirolimasi, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, huko katikati ya Pasifiki. Manze, udongo wa kisiwa unaishia kwa moyo wa mtu! Zilianza kuuzwa Ulaya 2002, na siku hizi wanaoziba tena ni wachache sana, ingawa mwenye kisukari bado yuko kwa risk kubwa.

Usichanganye hii na damu kuganda ndani ya stenti. Kovu huja polepole, lakini damu ikiganda inaua ghafla. Hapo ndipo aspirini na klopidogreli zinaingia, na ndipo wengi wanaharibu: mzae anajiskia poa, ama doo ya dawa imeisha, anaziacha bila kuuliza daki.

Kifua kikirudi polepole, mrudishe kliniki haraka na mbebe kadi ya stenti. Kuna stenti nyingine, kuna baluni zilizopakwa dawa, mshipa unafunguka tena. Kama ni maumivu ya ghafla na jasho baridi, msingoje asubuhi. Tafuteni gari sai.